Mmea Uliojikunja Nilipougusa

Nawaambia nyinyi tu, watu wa mtaani kwetu Msimbazi wasijue. Mimi ni mwalimu wa sayansi, mzaliwa wa Kariakoo, na majani nayajua yakiwa kwenye mafungu ya mchicha. Juzi niliwapeleka wanafunzi wangu kwenye bustani ya mimea kule Posta. Nikagusa mmea mmoja mdogo, majani yake yakajikunja yote, moja baada ya jingine, kama kuna mkono unayafunga. Nywele zikanisimama. Nikajua hapa pana jini. Nikawaamuru watoto wakimbie, na mimi nikawatangulia hadi getini huku nasoma dua.

Zuhura peke yake alibaki, ameinama, anauchezea.

"Mwalimu," akaita, darasa zima likisikia, "hiki si ndicho kile kifauongo ulichotuchorea ubaoni wiki iliyopita?"