Baruti Inayojaza Ganda

Majira yale ya baridi nilikuwa nimepanga chumba cha chini katika nyumba ya mzee mmoja huko Malvern, kitongoji cha ng'ambo chenye theluji nyingi, na nilikuwa sina safari. Kwangu hilo ni jambo la nadra. Tangu nilipoacha shule kabla ya kumaliza la saba, nimekuwa mtu wa kuhama. Nimeosha sahani, nimechuma tofaa, nimepakia mizigo uwanja wa ndege, nimelisha kuku katika mabanda marefu ambayo mwisho wake sikuwahi kuuona. Kila mahali nakaa mpaka nijue kitu kinavyofanya kazi, kisha miguu inaanza kuwasha.

Mzee alikuwa Mgoa wa Tanga, karani mstaafu, aliyefiwa na mkewe kiangazi kilichopita. Watoto wake walikuwa wakubwa na walikaa mbali. Wakipiga simu aliwasemesha kwa Kiswahili, nao wakajibu kwa Kiingereza, na mazungumzo yakaenda hivyo hivyo bila mtu kukasirika. Nilipanga kwake kwa sababu ya bei. Nilikaa kwa sababu ya meza yake.

Meza hiyo ilikuwa upande wa pili wa mlango wangu, chini ya dirisha lililokuwa sawasawa na ardhi. Theluji ilikuwa imepanda hadi nusu ya kioo, na mwanga ulioingia ulikuwa mweupe na mlegevu, kama umepita kwenye chandarua. Hapo ndipo Mzee alipotengeneza risasi zake mwenyewe. Alikuwa na bastola moja ya silinda inayozunguka, na kila Jumamosi alikwenda klabuni kulenga shabaha za karatasi. Maganda ya shaba yaliyokwisha kufyatuliwa hakuyatupa. Aliyasafisha, akayatia fataki mpya kwenye kitako, akayajaza baruti, akayafunga kwa kichwa cha risasi. Mimi ambaye sijawahi kushika silaha nilikaa kwenye ngazi na kikombe cha chai, nikitazama kama mtu anayetazama moto.

"Wewe umefukuzwa kazi ngapi?" aliniuliza siku ya kwanza kunikuta pale.

"Sijafukuzwa, Mzee. Huwa naondoka mwenyewe."

"Basi kaa. Ila usivute sigara, na usiguse kitu."

Tatizo lilikuwa baruti. Ile aliyoizoea miaka yote ilikuwa imekwisha, na haitengenezwi tena. Tena kifundo cha mkono kilikuwa kimeanza kumuuma. Kila mlio ulimpanda hadi kwenye bega. Alitaka baruti mpya, ya kusukuma kwa upole. Tukaenda dukani pamoja, mimi nikiendesha gari lake polepole katikati ya kuta za theluji.

Sijui nilitarajia kuona nini. Nilikuta rafu ya chupa za plastiki, kama rafu ya dawa za mimea. Muuzaji, bwana mwenye ndevu zilizochanwa vizuri, alituonyesha sampuli katika vichupa vya kioo. Moja ilikuwa vipande bapa, vyepesi, rangi ya kijani iliyofifia, kama majani ya chai. Nyingine ilikuwa punje ndogo nyeusi zinazong'aa. Ukiinamisha kichupa zinateleza kama mchanga wa saa ya mchanga.

"Kwa nini ziko nyingi hivi?" niliuliza. "Si zote zinaungua tu?"

"Zote zinaungua," alisema muuzaji. "Tofauti ni haraka yake. Bunduki ina mtutu mrefu, moto unaweza kuchukua muda. Bastola ni fupi. Moto lazima umalize shughuli yake kabla risasi haijatoka mlangoni."

Nilibaki na maneno hayo njia nzima. Njia fupi inataka moto wa haraka. Niliwaza juu ya watu niliowahi kupanga kwao, waliokuwa wakiungua polepole mahali pamoja miaka arobaini, na juu yangu mwenyewe. Taa za barabarani zilipita juu ya kioo moja baada ya nyingine, na nilifurahi kuwaza.

Dukani Mzee alikuwa amechagua ile nyeusi. "Hii haina ubishi," alisema. Muuzaji alikubali kwamba inapimika vizuri mno, kila kipimo sawa na kilichotangulia. "Huyu ni mwanao?" aliuliza akinionyesha kwa kidevu.

"Mpangaji. Mwanangu hana nafasi ya kuuliza maswali yote hayo. Ana kazi."

Kesho yake asubuhi akafungua kitabu cha vipimo, akasoma, akasoma tena, akaanzia na kipimo cha chini kabisa kilichoandikwa kwa bastola kama yake. Akapanga maganda hamsini katika kibao chenye mashimo hamsini. Akavuta pumzi. Kisha akaanza kusali rozari.

Nilidhani anasali kabla ya kazi. Kumbe sala ndiyo kazi. Rozari ina makumi matano ya Salamu Maria, na kibao kina mashimo hamsini: Salamu moja, ganda moja. Aliachia baruti kwa chombo chenye mkono kama wa pampu. Unavuta mara moja, kinamwaga kipimo kimoja. Kwa miaka mingi walifanya hivyo wawili. Mkewe alikaa kwenye kiti kando ya mashine ya kufulia, akasema nusu ya kwanza ya sala, na Mzee akaitikia nusu ya pili, Maria Mtakatifu, huku akivuta mkono. Walisali kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha waliyochumbiana nayo. "Kiingereza nazungumza na benki," aliniambia.

Sasa nusu zote mbili alizisema mwenyewe. Sauti yake ilikuwa ya chini, isiyopanda wala kushuka, na katika mwanga ule wa theluji ilinipeleka mbali. Niliona mabanda ya kuku, miti ya tofaa, dirisha la darasa nililotokea bila kurudi. Shaba zilimeta. Chombo kilisema *klak*, kikanyamaza, kikasema *klak*. Nafikiri wote wawili tulikuwa hatupo pale.

Alipomaliza alinyoosha mgongo, na mimi, kwa udadisi tu, nikaomba tochi.

"Naruhusiwa kuangalia ndani?"

"Kwa macho. Vidole mfukoni."

Ganda la bastola ile ni refu. Liliundwa enzi za baruti nyeusi ya zamani iliyohitaji nafasi. Baruti hii mpya ilikaa chini kabisa, kama sukari kwenye kitako cha kikombe. Nilipitisha mwanga shimo kwa shimo. Giza, na chini yake mng'ao. Giza na mng'ao. Halafu mng'ao mmoja ukawa karibu zaidi.

"Mzee, hili mbona limepanda?"

Alilitoa ganda, akamwaga baruti kwenye sahani ya mizani. Akaitazama sindano kwa muda mrefu. Ilikuwa mara mbili ya kipimo. Akachukua tochi mkononi mwangu akaangalia mwenyewe, akapata lingine katika fungu la nne la kumi kumi.

Akakaa kwenye kiti cha kando ya mashine ya kufulia. Nilikuwa sijamwona akikikalia hata mara moja.

"Hiyo ingefanya nini?" niliuliza, ingawa nilijua.

"Ingepasua silinda. Sheria ya sasa hairuhusu ninunue bastola nyingine. Hii ikiharibika nimekwisha." Alifungua kiganja akakifunga. "Na mkono wenyewe, dukani haupo."

"Ulisinzia?"

"Sikusinzia." Alifikiri. "Mkono wangu umezoea kusubiri sauti yangu. Nikianza kusema, unavuta. Sasa nasema Salamu, unavuta. Nasema Maria Mtakatifu, unavuta tena." Akatazama sakafu. "Ile nusu ya kwanza ilikuwa ya marehemu."

Alirudisha baruti yote kwenye chupa yake, ganda baada ya ganda. Siku zile zilizofuata nilimsikia akijaribu. Alijaribu kimya, lakini kimya kilimpoteza. Alifika katikati ya kibao asijue alipo, akamwaga yote. Alijaribu kuhesabu kwa namba, akaacha kwa hasira, akisema hakuja chini kufanya ukarani. Jumapili moja baada ya misa aliniomba niseme nusu ya kwanza. Nilisimama nikasema. Baada ya Salamu ya tatu akainua mkono.

"Basi, basi. Una sauti ya kondakta anayeita abiria."

Tulicheka mpaka akalazimika kujifuta macho, na aliendelea kujifuta tulipokwisha kucheka.

"Uache kusali ukiwa mezani, basi," nilimwambia. "Usali juu, ujaze huku chini."

"Juu yeye hayupo," alisema, kama mtu anayeeleza iliko stoo.

Tulirudi dukani. Alimweleza muuzaji kwamba anataka baruti isiyoweza kukaa mara mbili katika ganda moja bila kuonekana. Hakueleza kwa nini. Muuzaji hakuuliza, alichukua kile kichupa cha majani ya chai.

"Hii ni nyepesi, inachukua nafasi kubwa," alisema. "Kipimo kimoja kinapita nusu ya ganda. Cha pili kitamwagika mezani. Lakini haitiririki vizuri kama ile, na ni chafu, itakupaka masizi. Na vipimo vitacheza kidogo. Hutalenga kama zamani."

Mzee alikigeuza kichupa. Vipande vilishuka kwa uvivu, vingine vikining'inia kwenye kioo. Niliujua uzito wa neno lile la mwisho, maana shabaha zake bora alikuwa amezibandika ukutani, matundu yote yamekusanyika mahali pamoja.

"Itanisukuma kwa upole?"

"Kama mto wa kulalia."

"Nipe."

Mezani alisoma tena kitabu, ukurasa wa baruti hiyo, akarekebisha chombo, akapima hadi akaridhika. Ile nyeusi aliifungia kabatini, maana baruti mbili hazikai mezani kwa wakati mmoja. Kisha akachukua ganda moja peke yake akavuta mkono mara mbili kwa makusudi. Ganda likajaa, likafurika. Vipande vya kijani vikatawanyika juu ya mbao, vingine vikamwangukia kwenye magoti. Alivitazama kwa furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake.

"Sasa naweza kukosea," alisema.

Akapanga hamsini. Nikarudi kwenye ngazi yangu. Nje theluji ilikuwa ikiendelea kushuka, na chumba kilizidi kuwa cheupe. Aliingia katika sala taratibu, nusu yake na nusu ya mkewe, bila kujichunga. Mahali fulani katika fungu la pili nilisikia chombo kikilia upesi mno, halafu mtawanyiko mdogo juu ya mbao. Akanyamaza. Akalimwaga ganda lile, akafagia meza kwa brashi laini, akalirudisha tupu kwenye shimo lake ili alijaze upya, na akaendelea kutoka neno lile lile aliloachia.