Jina Nililomwandikia Mister Viktor

Juzi hapa Al-Naseem, ninakofanya kazi za ndani, binti wa madam wangu alimwaga kichupa cha wino kwenye kitambaa cha meza. Nilikiloweka kwenye maziwa, nikaanza kukifikicha, na ile harufu kali, kama ya chuma kilicholowa, ikanipanda puani. Mikono ikasimama yenyewe. Madam akauliza kama naumwa. Nikamwambia siumwi, ni harufu tu. Ningemweleza nini? Ninyi nitawaeleza.

Nilikuwa na miaka tisa, tukikaa Jeddah. Mama alikuwa mpishi wa mzee mmoja wa Kizungu, Mister Viktor, mshauri wa kampuni fulani ya bandarini. Tulilala chumba cha uani, na ikama zetu, vibali vya kuishi, zilipitia mkononi mwake. Bila yeye tungerudi Mombasa. Alikuwa mpole ajabu. Hakuwahi kupaza sauti, na hata kikombe cha maji alikiomba kwa "tafadhali". Mama akisema, "Mtu mstaarabu hujulikana kwa ulimi wake."

Kila alasiri, baada ya chai, aliniketisha mezani kwake anifundishe mwandiko. Kalamu yake ilikuwa ya kuchovya. Herufi zangu mwanzoni zilikuwa kama mbuzi waliotoroka zizini, kila moja na njia yake, lakini alinivumilia mpaka zikakaa sawasawa mstarini. Sikuwa na baba. Nadhani mnaelewa nilivyompenda.

Mwaka ule akapata kidonda mguuni, na hospitali ikawa inamtuma muuguzi wa kukisafisha nyumbani. Aliitwa Sista Marta, Mzungu wa makamo, mwenye mikono yenye harufu ya dawa. Siku ya tatu, mimi na mama tulikuwa tunasogeza kabati, tukagongana mlangoni. Mister Viktor akatwambia kitu kwa lugha ya kwao, taratibu, kama anayesema ndotoni.

Sista Marta akaangusha mkasi.

Alimaliza kufunga bandeji, kisha akaja jikoni akafunga mlango. Kiarabu chake kilikuwa cha hospitalini, cha mama cha sokoni. Changu ndicho kilichokuwa kizima, kwa hiyo mimi nikawa mkalimani.

"Mwambie mama yako," alisema, "huyu haitwi Viktor."

Nikamwambia mama.

Alisema yeye na mzee walitoka mji mmoja. Kabla ya vita mzee alikuwa karani wa kawaida wa manispaa, aliyejiunga na chama cha mafashisti. Wajerumani walipoiteka nchi, chama kikampandisha cheo haraka, karani akawa naibu mkuu wa mji. Kazi yake ilikuwa orodha. Alikwenda kwa wenye maduka, kwa walimu, kwa wapangaji, akiwauliza kwa upole nani anaishi wapi. Watu waliokuwemo kwenye orodha walikusanywa stesheni, wakapandishwa treni, wasirudi tena.

"Alisimama mlangoni mwa behewa," Sista Marta akasema, "akituambia, 'Polepole, tafadhali, mmoja mmoja.' Ndiyo maneno aliyowaambia sasa hivi. Mimi nilivutwa nyuma na jirani. Mama yangu alipanda."

Nilitafsiri yote, neno kwa neno, nikijivunia kwamba sikukwama popote. Mama alikuwa amekaa juu ya gunia la mchele, kajishika shavu.

Sista Marta alisema atawaandikia wakubwa wa kwao. Akatuachia karatasi yenye jina lake kamili na anwani yake, mama amtafute iwapo mzee ataanza kufunga mizigo. "Asijue," akasisitiza. Mama akaificha chini ya kopo la hiliki, lakini mimi nilikuwa nimeshaisoma.

Kesho yake alasiri, Mister Viktor alinisogezea kalamu.

"Yule sista ni mwema," alisema. "Nataka kumshukuru kwa barua. Hospitali wanamwita Marta tu. Unajua jina lake lote?"

Nilijua.

"Basi niandikie, tafadhali. Kwa mwandiko wako mzuri."

Nililiandika. Aliinua karatasi dirishani, akaipuliza ikauke, akasema mimi ni hodari.

Haikupita wiki, akaja muuguzi mwingine, Mfilipino. Tulisikia barua ya malalamiko ilifika hospitalini, mkataba wa Sista Marta umekatishwa, amepandishwa ndege, halas, imekwisha. Mwezi mmoja baadaye Mister Viktor naye akaondoka, hakuna aliyejua wapi. Hakuna aliyekuja kumuulizia. Sisi tukarudi Mombasa.

Sikumwambia mama mpaka alipokuwa mtu mzima sana, haoni vizuri, nami ndiye niliyekuwa nikimkata kucha. Nilikuwa nimeishi miaka yote nikiamini mwovu ni mtu wa kufoka. Nilimweleza nilivyoombwa, na nilivyoandika.

Mama aliuvuta mkono niliokwisha kuukata kucha.

"Nilijua," akasema. "Nani mwingine angemwambia? Wewe ulikuwa mtoto, uliombwa vizuri. Mimi nilikuwa mtu mzima, nimeambiwa yote, na nikampikia mwezi mzima. Na kila siku nilimuuliza kama chumvi imekolea."

Akanipa mkono wa pili, niendelee.