Paa la Fundi wa Mtoni

Fundi wa faiba wa Mtoni ananiudhi hata kabla hajafungua mdomo. Kofia yake huitungika msumarini asubuhi, isiingie vumbi la faiba, na haivai tena mpaka adhana ya adhuhuri. Mikono inamuwasha, basi anajikuna huku ukisema naye, wala hakutazami. Nilimpelekea gari yangu ya Morisi, iliyooza paa lake la turubai, pamoja na paa gumu la faiba lililotoka kwenye gari jingine, Triumph, alikate lienee. Akakaa kwenye usukani kichwa wazi, akapima kwa vidole, akakata, akaunga, akapiga msasa mpaka paa likateleza kama kaure. Ijumaa nikaifuata gari, nimevaa kanzu na kofia ya viua aliyonishonea mke wangu. Kuingia tu, paa likaibonyeza kofia mpaka kwenye nyusi.

"Fundi, mtu na kanzu yake aende Ijumaa kichwa wazi kwa ajili ya paa lako?"

Akaitungua kofia yake, akaivaa, akaingia mwenyewe. Ikabonyea vilevile. Akashuka, akijikuna. Nikadhani angalau atatahayari.

"Paa langu halina kosa, shekhe," akasema, akachukua msumeno, akaanza kukata miguu ya kiti cha gari yangu.