Vidonge vya Mama vya Jumapili

Popote nilipozurura, nikiona mwanamke anamenya ndizi haraka haraka, hasira yangu huamka. Mama alimenya hivyo ndizi za mbege, pombe aliyouza nyumbani Masama, mpaka vidole vyake vilipoanza kuvimba.

Asubuhi hakuweza kushika kisu. Tulisema ni baridi ya mlimani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne, sina kazi, nikamsindikiza hospitali Moshi mjini. Daktari alibonyeza vifundo vya vidole, kisha akatueleza. Chembe nyeupe za damu, zile zinazolinda mwili, zilikuwa zimevigeukia viungo vyake kana kwamba ni vijidudu. Zinaitana, zinajazana kwenye utando wa ndani ya kiungo, utando unanenepa, na mwisho mfupa unaliwa. Alimpa vidonge vya kupunguza ukali wa kinga hiyo.

"Mifupa bado mizima, mama," alisema. "Ukiacha dawa italiwa, na ikishaliwa hairudi."

Mama alimeza kila Jumapili baada ya misa. Uvimbe ukashuka. Akarudi kukata majani ya ng'ombe.

Ndipo shangazi, dada wa marehemu baba, aliposikia.

"Wifi, unapunguza kinga? Miaka hii? Wenzako wanatafuta ya kuongeza, wewe unameza ya kupunguza."

"Daktari ndiye kasema."

"Daktari hakai Masama. Wewe ni mjane. Wakisikia kinga yako imepungua, nani atakunywa mbege yako?"

Ugonjwa wenyewe, ule wa kukosa kinga uliokuwa ukizika watu miaka ile, hakuutaja. Hakuna aliyekuwa akiutaja. Mama akavitupa vidonge chooni.

Shangazi akamletea chupa za kuongeza kinga kutoka stendi ya Moshi. Soko huria lilikuwa limetuletea kila takataka, na kila takataka ilikuwa na lebo nzuri. Kinga ndiyo iliyokuwa ikimla mama, na shangazi akawa anainywesha kwa kijiko, asubuhi na jioni, kwa sababu aliogopa midomo ya majirani kuliko alivyovijali vidole vya wifi yake.

Msimu wa kahawa ulipofika, vidole vilikuwa vimepinda kama kucha za kuku. Hakuchuma hata punje.

Shangazi akaja na jani la isale. Kwetu ukiletewa hilo huwezi kukataa kusamehe. Mama alinyoosha mkono, vidole havikufunga, akalibana kwa viganja viwili.

"Nimelipokea, wifi."

Mimi hakuniletea jani. Kwa hiyo sijasamehe.