Dunia Iliyobonyea

Kamanthe hasafiri bila gunia lake la vifuniko. Ukimkuta stendi ya Kangundo asubuhi, brashi zimefungwa ndani ya leso na makopo ya rangi yako miguuni, utasikia gunia likilia kama jiko la harusi. Ukimwuliza kama anauza sufuria, atakujibu bila kutabasamu kwamba amebeba sayari. Wala hatanii. Karai la kuchanganyia simiti ndilo Mshtarii, kifuniko cha sufuria ya chai ndicho Dunia, na kile cha sufuria ndogo ya uji wa mtoto ni Mirihi. Anakibandika kifuniko ukutani, anazungusha penseli, anarudi nyuma kutazama, na sayari imeshazaliwa kabla fundi mwingine hajapata kamba ya kupimia.

Alianza na mabango ya maduka. Kinyozi, duka la dawa, hoteli ya mahindi ya muthokoi, na ng'ombe mmoja wa buchani aliyecheka miaka mingi bila mtu kujua anachekea nini, ikizingatiwa kilichokuwa kinaendelea ndani. Kisha zikaja mashine za kuchapa mabango ya plastiki, wenye maduka wakamhama mmoja mmoja, na majirani wakaanza kumwonea huruma. Huruma hiyo hakuipokea. Alisema mashine haijui kupanda ngazi, akaenda kwenye shule ya msingi iliyo karibu na kwake, akamwambia mwalimu mkuu kwamba kuta zake ziko uchi na watoto wanazikodolea macho mwaka mzima bila faida.

Ukuta huo wa kwanza ulikuwa wa sayari. Hakuhitaji kitabu. Alizijua tangu darasa la sita, walipokuwa wakiziimba mpaka bati linatetemeka: Zebaki, Zuhura, Dunia, Mirihi, Mshtarii, Sarateni, Zohali, Kausi, Utaridi. Aliziandika kwa mpango huohuo, akamvika Sarateni pete yake, akashuka ngazi akiwa na kazi mpya. Tangu hapo amepaka rangi shule za Tala, za Konza, za Mavoko kule ambako watoto wanamwamkia "niaje" na yeye anawaitikia "marahaba" ili wajue wameongea na nani. Moyo na mishipa yake, ua na chavua yake, jedwali la elementi, mzunguko wa maji, vyote anavichora. Watu wakasema Kamanthe hakosei. Na kusema kweli, aliyelisema hilo kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Kamanthe mwenyewe.

Mwaka huu akaitwa Kithyoko, upande wa Masinga. Shule moja huko ilikuwa imepata jengo jipya la sekondari msingi, na mwalimu mkuu, Bi Katunge, alitaka ukuta mrefu wa mbele uwe sayansi tupu, majina yawe ya Kiswahili na Kiingereza chini yake. Wazazi wangekuja kulifungua Ijumaa. Kamanthe alifurahi kusikia kwamba ameombwa kwa jina. Aliyemwomba, aliambiwa, ni mwalimu wa sayansi, kijana anayeitwa Erastus, ambaye alimkaribisha kwa heshima, akamshikia ngazi, kisha akarudi darasani bila maneno mengi.

Kazi ilimwendea vizuri ajabu. Mzunguko wa maji hakuuchora kama wa vitabuni, mto wa buluu ukiteremka kwa raha zake. Alichora kijito cha mchanga mkavu kama vya huko, maji yakiwa yamejificha chini ya mchanga na mama mmoja ameinama anafukua. Watoto walipopita wakaulizana huyo ni mama ya nani. Kando yake akachora jedwali la elementi, kila moja na kibanda chake: chuma, dhahabu, shaba, zebaki. Kisha mwili wa mtu, na chini yake seli, ile nzima na ile iliyougua ikawa saratani. Mwishoni kabisa, sehemu aliyojiwekea kama mtu anavyojiwekea mnofu, akazipanga sayari.

Alikuwa juu ya ngazi akikausha herufi za mwisho wakati Erastus alipokuja na kusimama chini kwa muda mrefu, mikono nyuma, akisoma.

"Mama, hii kazi imenibamba," akasema. "Lakini majina ya sayari yamekosea."

"Gani imekosea?"

"Zaidi ya nusu."

Kamanthe akashuka polepole. Alimwambia kwamba majina hayo alifunzwa na mwalimu mwenye kiboko, na kiboko cha siku hizo hakikuwa cha kufunza mchezo. Erastus hakubishana. Alimwomba tu atembee naye kwenye ukuta wake mwenyewe. Wakasimama mbele ya jedwali la elementi, akamwonyesha kibanda kilichoandikwa zebaki, yale madini yanayotiririka kama maji ndani ya vipimajoto vya zamani. Kisha akamrudisha kwenye sayari ya kwanza, nayo ni Zebaki. Wakaenda kwenye seli iliyougua: saratani. Wakarudi kwenye sayari yenye pete: Sarateni.

Hapo akamweleza alivyoelewa yeye. Mtu fulani zamani alitafsiri Kiingereza neno kwa neno, na kwa kuwa Waingereza huita madini na sayari jina moja, madini yakapandishwa mbinguni. Sarateni nayo ilipata kazi kwa kufanana sauti tu na jina la Kiingereza. Sayari iliyo karibu na jua ilikuwa na jina lake tangu mababu wa pwani, Utaridi, na yenye pete iliitwa Zohali. Ziliponyang'anywa viti, zikasukumwa huko nyuma gizani, moja ikapewa hata Pluto, ambayo siku hizi si sayari kamili bali sayari kibete. Wazee hawakuwa na jina la hizo za mwisho mwisho kwa sababu macho matupu hayazifikii; hata Kausi ni jina la kundi la nyota tu.

Kamanthe alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akaokota brashi zake, akaenda kuzioshea nyuma ya jengo, na ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba hazikuhitaji kuoshwa. Alikuwa amekasirika, lakini hasira ilikuwa juu juu tu. Chini yake kulikuwa na hofu, kitu ambacho hakukizoea. Kama kijana huyu alikuwa sawa, basi Tala ilikuwa imekosea, Konza imekosea, Mavoko imekosea, na ule wa Kangundo, ukuta uliompa jina, ndio uliokosea kuliko zote. Ni watoto wangapi walikuwa wameimba makosa yake wakidhani ni elimu? Na nani angemwita tena akisikia? Bi Katunge alikuja akamwambia kwa upole kwamba ukuta ni wake na uamuzi ni wake, ila Ijumaa haingoji mtu.

Aliporudi, Erastus alikuwa bado pale, ameketi kwenye kopo la rangi lililopinduliwa.

"Sasa niambie ukweli, mwalimu," Kamanthe akasema. "Ukuta zangu zote, kutoka Kangundo mpaka hapa, ni za uongo?"

Erastus aliinuka akausogelea ukuta. Alikuwa akiitazama Dunia.

"Hii Dunia ya hapa haijabonyea," akasema. "Ulibadilisha kifuniko?"

Kamanthe akamgeukia. Kifuniko chake cha kwanza kilikuwa kimeanguka kutoka kwenye ngazi siku ileile ya ukuta wa kwanza kikabonyea ubavuni, naye kwa haraka akakichora hivyohivyo, na bonyeo lake. Alikitupa baadaye. Hakuna shule nyingine yenye Dunia ya namna hiyo.

"Wewe ni wa Kangundo," akasema.

"Mimi ni wa ukuta wako, mwaitu, mama yangu. Tulikuwa tunasema hapo kwa bonyeo ndipo Kangundo iko, ndiyo maana mtu akitoka kwetu lazima apande mlima. Kila asubuhi kabla ya gwaride nilikuwa naweka kidole hapo. Mwalimu wetu wa sayansi alikuwa mgonjwa karibu mwaka mzima. Ukuta ndio ulinifunza."

Akamweleza yaliyobaki. Chuoni Mombasa, mhadhiri aliuliza nani anaweza kutaja sayari kwa Kiswahili, na katika darasa zima ni yeye peke yake aliyesimama. Alizitaja zote bila kukwama, na vijana wa Lamu wakacheka mpaka machozi, kwa kuwa ameweka Utaridi mwisho wa dunia. Alipokaa chini aliona aibu. Lakini jioni hiyo alikwenda maktaba kutafuta kwa nini, na tangu siku hiyo hakuacha kutafuta. Mambo haya alikuwa amepanga kumwambia Ijumaa, mbele ya wazazi.

"Wao walijua jina moja moja la kuchekea," akasema. "Mimi nilikuwa na mbingu nzima. Ni wewe ulinipa."

Kamanthe alifuta mikono yake kwa leso kwa muda mrefu, ingawa haikuwa na rangi. Alitaka kulia na alitaka kucheka, na kwa kuwa hakuweza kuchagua, akapanda ngazi. Alisema kwamba aliyekosa kwa brashi hutengeneza kwa brashi, na kwamba Erastus asikae tu hapo, ashike kopo. Zebaki ikafutwa, Utaridi akarudishwa nyumbani karibu na jua. Sarateni akafutwa, Zohali akapewa pete aliyoibiwa. Mbili za mwisho wakaziachia majina ya ulimwengu, Uranusi na Neptuni, na Pluto akachorwa pembeni kwa kifuniko cha chupa ya soda. Ijumaa wazazi walipokuja, Kamanthe mwenyewe ndiye aliyewaimbisha, na alivyoimba ungedhani amezijua hivyo tangu tumboni.

Shule zilipofungwa, akalibeba gunia lake akaanza safari ya kurudi nyuma: Mavoko, Konza, Tala. Hakuna aliyemwita na hakuna aliyemwuliza. Wengine walisema anajiharibia jina kwa kutangaza makosa yake mwenyewe. Yeye aliwaambia jina lake ni lake, na ataliosha atakavyo.

Kangundo alifika mwisho. Rangi ya ukuta ule ilikuwa imepauka, ila kwenye Dunia, pale kwenye bonyeo, plasta ilikuwa imelika na kung'aa kwa kuguswaguswa na vidole. Akabadilisha majina, akarudishia pete rangi yake, akalitia jua rangi mpya. Mwalimu mkuu, aliyekuwa amemtazama kutwa, alimshukuru, kisha akamwomba, kwa kuwa brashi bado ina rangi, ainyooshe na ile Dunia iliyobonyea.

"Hapo wacha," Kamanthe akasema, akianza kukunja ngazi. "Hapo ni Kangundo."