Mkate, Maji na Ushuhuda wa Keturah Maddox

Keturah Maddox alifua nguo za watu wa Pell's Landing, upande wa Ohio wa mto, ambako utumwa haukuruhusiwa, tangu usichana wake hadi vidole vilipokataa kukunja ngumi. Alizaliwa huru, kwa baba na mama waliozaliwa huru, na hilo alipenda lijulikane. Mumewe Hosea hakuzaliwa hivyo. Alitoroka utumwani Kentucky, ng'ambo ya mto, akavuka majira ya baridi mto ulipoganda, akajifunza kazi ya mapipa, akamwoa Keturah. Habari za alikotoka hakumwambia mtu ila mkewe.

Kanisani kwao, kanisa dogo la watu weusi juu ya kilima, kila baada ya miezi mitatu palikuwa na karamu ya mkate na maji. Mlango ulifungwa. Mkate ulipita mkono kwa mkono, kikafuata kikombe cha maji, na aliyeguswa moyoni alisimama akaeleza Mungu alimtoa wapi. Hapo ndipo watu walipopimana. Asiyesimama alinong'onwa.

"Dada Keturah," Dorcas Tilghman, mpishi wa hoteli, alimwambia walipokuwa wakianika mashuka, "mumeo kaziba kinywa kama azibavyo mapipa yake. Au Mungu hajamtendea kitu?"

"Hosea si mpiga domo."

"Basi ashukuru kimyakimya, na Mungu amsikie kimyakimya."

Neno lile lilimchoma. Aliporudi nyumbani alimkuta Hosea akibana pete kwenye pipa la maji ya mvua alilokuwa akimtengenezea.

"Umebaki wewe tu, baba," alimwambia. "Wananiona nimeolewa na gogo."

"Waache waone, mke wangu. Gogo halikamatwi."

"Pale ni ndugu zetu watupu. Na mlango unafungwa."

"Hufunguliwa pia."

Lakini alimpenda mkewe. Karamu iliyofuata alisimama. Alilitaja shamba la Gaines Overby alikotoka. Alieleza alivyojifunga magunia miguuni asiteleze, barafu ilivyopasuka nyuma yake, na alivyolala kifudifudi akajiburuta hadi ukingoni kama mjusi. Kanisa zima lililia. Keturah alitoka pale kichwa juu.

Hakukuwa na msaliti. Ushuhuda ulikuwa mtamu mno kufungiwa ndani ya kuta nne. Ulisimuliwa kisimani, ukasimuliwa kwenye kamba za nguo, na Dorcas akausimulia jikoni hotelini, kwa fahari, huku akimenya viazi. Upande wa pili wa mlango wa jikoni walikuwa wakila abiria wa meli ya mvuke iliyotoka Kentucky. Na sheria mpya ya kuwarudisha watumwa waliotoroka, hata waliokwisha kufika Ohio, ilikuwa bado mbichi.

Walimkamata Hosea karakanani kwake, nyundo mkononi.

Shauri lilisikilizwa katika chumba kilichokuwa juu ya duka la nafaka. Wakala wa Overby, mtu ambaye hakuwahi kumwona Hosea kabla ya wiki ile, alisimama akasema yote: magunia, barafu, mjusi. Keturah aliyatambua maneno. Yalikuwa ya mumewe, kwa mpangilio uleule, ila yalitoka katika kinywa kingine.

Hosea alifungua mdomo.

"Keti," alisema kamishna aliyelisikiliza shauri.

Wakili Lyman Pruett, kijana wa Kizungu aliyejitolea kumtetea, alisimama. "Mheshimiwa, Katiba inasema mtu hanyang'anywi uhuru wake pasipo kutendewa haki kisheria. Tunaomba jopo la raia liamue. Likishindikana, basi mwenyewe aruhusiwe kusema."

"Sheria ndiyo hii, Bwana Pruett," kamishna alijibu, bila ukali. "Jopo halimo ndani yake. Na anayedaiwa kuwa mtoro, maneno yake hayapokelewi."

Lakini ya mkewe alikubali kuyasikia. Keturah aliweka mkono juu ya Biblia. Maisha yake yote hakuwahi kudanganya, hata kwa shuka lililoungua pasi.

"Nimemjua tangu tukiwa watoto," alisema. "Tumekua pamoja Pennsylvania. Hajawahi kuwa mali ya mtu."

Karibu na mlango, Dorcas aliinamisha kichwa.

"Mke angesema nini kingine?" wakala aliuliza, na watu wawili watatu wakacheka. Kamishna hakucheka. Alitia sahihi.

Wakati wakimshusha ngazi, Hosea aligeuka. "Pipa usiliache likauke," alisema. "Mbao zitaachana."

Alivushwa kwa kivuko mchana kweupe. Baadaye zilikuja habari kwamba ameuzwa Mississippi, kisha hazikuja habari tena.

Jumapili moja Dorcas alikuja akasimama uani, mikono ndani ya aproni.

"Ni mimi, Keturah."

"Najua. Na mimi vilevile. Shika ncha hiyo ya shuka."

Walikamua shuka. Hawakulizungumza tena, ingawa walianika pamoja hadi walipozeeka.

Kanisani, shuhuda zilikoma. Mkate ulipita, maji yakapita, watu wakaenda zao. Vita vya Kaskazini na Kusini vilipofika, vijana wa kilimani walivaa sare za buluu za Kaskazini. Kila aliyerudi, Keturah alimuuliza kama huko kusini alimwona fundi mapipa aitwaye Hosea. Walikuwa wameona mafundi wengi.

Utumwa ulipokwisha, shuhuda zilirudi, na sasa mlango uliachwa wazi. Mchungaji mpya, asiyejua mengi, alimgeukia. "Mama Maddox, wewe hatujakusikia bado."

Keturah alisimama, mkono mmoja kwenye benchi.

"Nilishatoa ushuhuda wangu, mkono ukiwa juu ya Biblia," alisema. "Ulikuwa wa uongo. Mkiniita leo, nitautoa uleule."

Aliketi, akanywa maji yake, akampa Dorcas kikombe.

Kiangazi hicho mvua ilichelewa. Watu walimwona akipanda kilima na ndoo kutoka mtoni, akipumzika, akipanda tena, hadi maji yalipofika ukingo wa pipa.