Bia Nyeusi ya Shemeji

Shemeji yangu alifika kwetu Mugoma kwa gari la kukodi, kreti tatu za bia nyuma, na lile tabasamu lake ambalo sikulipenda hata dada yangu alipokuwa hai. Dada alipofariki, alimzika kwao Nyakahura, kisha akakaa kimya. Kwetu mwanamume aliyefiwa na mke huleta pombe kwa wazazi wa marehemu, watu wakanywa, msiba ukamalizika. Hakuleta. Mwaka ukapita, na mwingine. Mama akawa haendi harusini wala hajipaki mafuta, kwa sababu msiba wa mwanawe ulikuwa bado uko nyumbani. Nilishamwambia tununue pombe wenyewe yaishe. Akakataa kabisa, lazima itoke kwa mkwe.

Kwa hiyo nilipoziona zile kreti nilidhani hatimaye ameleta. Kumbe wapi!

"Shikamoo mama," alisema, akiinama. "Nimefungua kiwanda kidogo pale Biharamulo mjini. Hii ni bia nyeusi, ina pasheni. Nampelekea mwenye hoteli Ngara mjini, anataka wageni wake waionje. Nikaona nipite, na wewe uonje uniambie ukweli. Wewe ndiye fundi."

Mama amepika pombe ya ndizi maisha yake yote. Lakini kumbe jamaa alikuwa anapita tu. Nilitamani apite moja kwa moja mpaka Burundi.

Alifungua chupa, akamimina kwenye glasi, akampa mama. Mama hakunyoosha mkono.

"Aliyeleta huonja kwanza," alisema.

Bwana kiwanda alikuwa amesahau hata hilo. Akapiga funda moja haraka haraka, akafuta mdomo. Ndipo mama akanywa. Akanipa mimi glasi, akabaki ananitazama.

Ilikuwa nyeusi tititi, na povu lake rangi ya chai ya maziwa. Nilikuwa nimeshaandaa tusi. Nikanywa. Ulitangulia uchungu wa mtama uliokaangwa ukakaribia kuungua, halafu ikafuata pasheni, kali, hadi taya zikanibana. Tusi likaniishia mdomoni, maana ladha hiyo niliijua. Niliinywa mara nyingi jikoni kwa dada. Ni yeye peke yake aliyekaanga mtama hadi ukawa mweusi, mama akimgombeza kuwa anaharibu chakula, na ni yeye aliyekamulia pasheni humo ndani, basi tu, kwa ubishi wake. Na mumewe alikuwa anaikataa mbele ya wageni, anaiita pombe ya masizi. Sasa masizi yale yale yako kwenye chupa, na lebo ina jina la huyo shemeji.

"Pombe ya masizi hii," nilimwambia. "Au umesahau ulivyokuwa ukiiita?"

"Shemeji, hii mimi nimeiboresha."

Nilimchukia pale kuliko siku zote. Kidogo nimrushie glasi. Mama alinishika mkono, akainuka, akatoka hadi uani, akapaza sauti ambayo tulikuwa hatujaisikia tangu mazishi.

"Majirani! Njooni na vikombe! Mkwe wangu ameleta pombe, tunamaliza msiba wa mwanangu!"

Shemeji alimfuata mbio. "Mama, samahani, hizi ni za yule wa hoteli..."

"Umechelewa, baba, lakini umeleta. Shusha."

Watu walikuwa wameshaanza kuingia, vikombe mkononi, wakimpa pole shemeji. Angesema nini mbele yao? Kwamba amekuja hapa kutafuta soko? Alishusha kreti zote tatu kwa mikono yake mwenyewe. Simu iliita mfukoni mwake, ikakatika, ikaita tena. Hakuipokea.

Mimi nilikunywa chupa mbili, na sikumsamehe hata kidogo. Bado sijamsamehe.

Jumamosi iliyofuata palikuwa na harusi kwa jirani. Nilimkuta mama mlangoni amejipaka mafuta, amevaa kitenge ambacho kilikuwa kimekaa sandukuni muda wote ule. Akaniuliza mbona mimi sijavaa.